Mzunguko wa Kwanza ni wa Ng'ombe

Mama mpendwa,

Kwa majonzi makubwa, na baada ya kushauriana na majirani wote wa laini yetu ya nyumba za wachuna chai, nakutangazia kwamba kifuniko cha ile sufuria uliyonipa nilipoolewa hatunacho tena. Kiliondoka Jumanne na upepo, kikapita juu ya paa la jirani, kikaelekea Sotik. Hakijarudi.

Sasa salamu. Natumaini goti lako limetulia na mvua imewafikia huko ziwani. Sisi wa Kericho tu wazima, na watoto wanakuja kula kabla hawajaitwa. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, na habari hii inataka mtu wa kusikiliza mpaka mwisho. Najua unangoja kusikia juu ya ndama wa mahari ya kaka yangu Ouma. Nitafika huko. Ng'ombe mwenyewe alikuwa ndani ya mambo haya.

Unakumbuka nilimweka kwa Kogo, yule nyanya Mkipsigis anayepakana na shamba la chai. Ndiyo desturi ya hapa: unamweka ng'ombe wako kwa rafiki, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako. Kogo humlisha kwenye uwanja wa ndege wa kampuni. Usifikirie uwanja kama ule wa Kisumu. Huu ni mkanda wa nyasi katikati ya chai, na mlingoti wenye soksi ndefu ya kuonyesha upepo. Ndege ndogo huja mara mojamoja kuleta wakubwa. Hupita kwanza chinichini kuwafukuza ng'ombe, halafu huzunguka na kurudi kutua. Mzunguko wa kwanza ni wa ng'ombe, wa pili ni wa abiria. Haijaandikwa popote, lakini hata ng'ombe wanaijua.

Jumanne hiyo nilikuwa nachuna chai kando ya uwanja. Upepo ulikuwa wa kuvizia: unatulia, halafu unakupiga kofi ukiwa umeshausahau. Soksi ilielekeza huku, ikaelekeza kule, kama mtu aliyeulizwa njia naye haijui. Mara ndege ikatokea juu ya miti, inayumba.

"Kogo, mtoe ng'ombe!"

Hakugeuka hata. "Wacha haraka, mtoto wangu. Hiyo ni ya kwanza."

Haikuwa ya kwanza; ilikuja kutua. Rubani alikuwa anapigana na upepo, hakuwa na nafasi ya kuheshimu desturi.

Mama, sijawahi kuona kitu kama hicho na sidhani nitakiona tena. Magurudumu yaligusa nyasi, yakaruka, yakagusa tena. Upepo ukaingia chini ya bawa moja ukaliinua, vile wewe huinua ukingo wa mkeka ukitaka kufagia chini yake. Ndege ikapinda, ikaacha njia, ikaja moja kwa moja kwa Kogo na ng'ombe wetu. Kogo akajitupa chini. Ng'ombe, yeye, aliinama kung'oa nyasi, na bawa likapita pale pale kichwa chake kilipokuwa. Kama angekuwa ameshiba dakika ile, tungekuwa tunakula nyama huku tunalia.

Ndege ikaingia kwenye chai, na chai ikaishika. Ile miti tunayoikata kila mara isitupite kiunoni ilijikaza kama watu walioshikana mikono, mpaka ndege ikasimama. Halafu majani mabichi yaliyokatwa na propela yakaanza kutunyeshea, taratibu, kwenye vikapu, kwenye vitambaa vya kichwa, mgongoni mwa ng'ombe. Wachunaji wote tulisimama kama tuko kanisani.

Nyapara wetu ndiye aliyesogea kwanza. Aliokota jani moja, akaligeuza. "Imechuna vibaya," akasema. "Imechukua mpaka vijiti."

Mlango ukafunguka. Rubani alikuwa msichana wa umri wa Ouma. "Nimeua mtu?"

Kogo akamjibu akiwa bado amelala chini. "Bado. Lakini nyinyi huzunguka mara mbili."

Abiria alikuwa mmoja, mzee ambaye kazi yake ni kuonja chai. Wanasema huonja kijiko kimoja na kutema. Kogo alimmiminia ya thermos yake, ya maziwa na sukari nyingi. Alikunywa, akaomba tena. Hakutema hata tone.

Tangu siku hiyo watu wanakuja kumtazama ng'ombe. Mchungaji alimtaja kwenye mahubiri. Kogo amelitazama lile tumbo la ng'ombe, akaapa kwamba ndama yuko karibu, na kwamba ndama aliyepitiwa na bawa akiwa tumboni hawezi kuitwa jina lingine ila Ndege. Hata mimi, ambaye unanijua si mtu wa mambo hayo, jioni nimekuwa nikienda kusimama karibu na ng'ombe na kumwekea mkono ubavuni.

Baba watoto anakusalimu. Msalimie Dani, nyanya yetu, umwambie miwani aliyoisahau kwangu bado naitafuta. Msalimie kaka yangu Ouma, na umkumbushe kwamba subira ni sifa nzuri kwa mtu anayetaka kuoa. Wakwe zake watarajiwa wasalimie kwa mbali.

Ni mimi binti yako asiyekusahau,
Adhiambo

Daktari wa mifugo alikuja jana, akavaa glavu ndefu, akampima. Ng'ombe hana mimba. Tumbo lote lile ni nyasi.