Pampu Haijafa

Jumatatu, 3 Machi

Mjomba amesema pampu imekufa. Na Mjomba akisema kitu cha dizeli kimekufa, watu huanza kuchimba kaburi.

Ni ile injini ndogo ya zahanati, ya silinda moja, inayovuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi la juu. Wiki mbili zilizopita ilikuwa inavuja chini ya pampu — si pampu ya maji, ile ndogo inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, inayoipuliza silindani. Mjomba akaifungua, akabadilisha gasketi inayoziba maungio, akairudisha. Kuvuja kukakoma. Injini nayo ikakoma. Ukizungusha hendeli inakohoa, inatoa moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi, na ikibahatika kuwaka haina nguvu ya kupandisha hata ndoo moja. Mjomba ameirudia mara mbili. Leo ametoa hukumu: imechakaa, iagizwe mpya. Mpya ni wiki tatu.

Muuguzi mkuu kanipigia simu mwenyewe. Hakuzunguka mbuyu. Wodi ya wazazi ina akina mama sita, maji yanapandishwa kwa ndoo, na wahudumu wameanza kugombana nani kabeba nyingi. Akaniomba niitazame. Nikamwambia hiyo ni kazi ya Mjomba. Akasema anajua, ndiyo maana hakumpigia mgeni — kampigia aliyefundishwa na yeye.

 Nimesema nitamjulisha.

Miaka kumi na tisa tangu nianze kushika spana nyuma ya yule mzee. Sita ya mwisho nina karakana yangu, mlango wa bluu, jina langu juu yake. Sijawahi kugusa kazi aliyoigusa yeye kwanza. Hata mara moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwendea Mjomba asubuhi, kabla hajanywa chai. Heri lawama kuliko fedheha. Nikamwamkia, nikamwomba ruhusa. Sikusema nadhani amekosea. Nilisema zahanati wananisumbua, bora nikaitazame wanyamaze. Uongo mdogo.

Alikuwa anasuuza mikono kwenye beseni. Akasuuza muda mrefu kuliko mikono ilivyokuwa michafu. Kisha akasema: "Nenda. Ukisikia moyo unadunda ndani ya maiti, niite."

Hakucheka. Nami sikucheka mpaka nilipofika barabarani.

Jumatano, 5 Machi

Zahanati tangu saa mbili. Anayewasha injini kila siku ni mlinzi. Wote wanamwita Meja, ingawa kambi ya jeshi hajawahi kuipita hata getini. Kanieleza historia ya ugonjwa kama mzazi anayeeleza homa ya mwanawe.

Nikaanza mwanzo, kama sijui kitu. Tangi — dizeli safi, haina maji. Chujio — safi. Nikalegeza skrubu ya kutolea hewa, nikaacha dizeli itoke mpaka povu likaisha. Nikakaza. Haikuwaka. Basi si hewa.

Kisha nozeli. Nikaitoa, nikaifunga kwenye bomba lake nje ya injini, imeelekea mbali na watu, nikamwambia Meja azungushe. Ukungu! Mwembamba, umenyooka, na ule mlio wake wa kukata — krr, krr. Pampu iliyokufa haipulizi hivyo. Iliyochakaa ingedondosha matone kama pua ya mwenye mafua.

Nikasimama pale natabasamu kama mjinga. Meja akauliza kuna nini. Nikamwambia mgonjwa anapumua.

Kwa hiyo pampu inasukuma, na inasukuma vizuri. Swali lililobaki ni moja: inasukuma saa ngapi? Dizeli ikifika silindani imechelewa, pistoni imeshaanza kushuka, haiungui ikaisha — inatoka moshi mweupe. Moshi huu huu. Nilitaka kupima papo hapo, lakini Meja akahitajika getini, na peke yangu siwezi kuzungusha na kutazama kwa wakati mmoja.

Nina furaha ya kutisha. Na kitu kingine pia, si furaha. Kama pampu inachelewa, kuna aliyeifanya ichelewe. Na aliyeifungua ni mmoja tu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ndefu. Niandike yote.

Nikatoa bomba juu ya pampu, dizeli ikabaki imejaa pale mdomoni, imetulia kama jicho. Meja akashika gurudumu la injini. Nikamwambia polepole, kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Mimi uso karibu, sipumui. Gurudumu lina alama mbili: moja ya pistoni ikiwa juu kabisa, nyingine kabla yake kidogo, pale dizeli inapotakiwa kuanza kusukumwa. Dizeli ilitakiwa itikisike hapo. Alama ikafika. Kimya. Alama ikapita. Kimya. Upana wa vidole viwili baadaye — ndipo ikatikisika.

Tukarudia mara nne. Vidole viwili kila mara. Imechelewa!

Nikaifungua pampu. Chini yake hukaa shimu, vibati vyembamba kama kucha, vya kuiinua au kuishusha. Ukiiinua, dizeli inachelewa. Shimu zilikuwepo zote, sawasawa. Juu yake, gasketi mpya — ya karatasi ya boksi, unene mara tatu ya inayotakiwa. Vile vidole viwili vilikuwa vimelala hapo.

Nikaigeuzageuza. Kingo zimepinda, zimekatwa zikarudiwa. Tundu moja la bolti limekosewa, likatobolewa jingine pembeni. Mjomba ndiye aliyenifundisha kukata gasketi bila mkasi, unagongagonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka inatoka kama imechapwa kiwandani. Mikono ile haikati hivi. Nikaitia mfukoni kabla Meja hajaiona.

Nikakata nyingine, nyembamba. Nikarudisha, tukapima. Dizeli ikatikisika juu ya alama, juu yake kabisa, unywele haupiti katikati. Nilitaka kupiga kelele. Zaidi ya hapo, nilitaka kuwasha.

Na hapa niandike ukweli, maana daftari hili halina msomaji mwingine. Haraka ilinishika. Pampu ina kijipini pembeni kinachotakiwa kukaa katikati ya uma wa gavana, na gavana ndiye anayeibania dizeli injini isikimbie. Sikukitazama. Meja akazungusha, injini ikashika mara moja, safi, nikainua mikono juu kama mshindi — halafu mlio ukapanda. Ukapanda. Ukapanda tena. Nikavuta kishikio cha kupunguza mafuta, hakina habari. Saruji inatikisika chini ya miguu. Meja katoweka, meja mzima. Wahudumu wametoka wodini na ndoo zao. Nikaona kipande cha ubao kimeegemea ukuta, nikakinyakua, nikakibandika kwenye mdomo unaovuta hewa, nikakisukuma kwa mwili wote. Injini ikanyonya, ikakoroma, ikazimika.

Masikio yanalia.  Nikakaa chini kwenye saruji. Muuguzi mkuu akaja akauliza kwa upole kama ndiyo imepona. Nikamwambia anipe dakika ishirini.

Kijipini kilikuwa nje ya uma, kama nilivyojua kitakuwa. Kosa la mwanafunzi wa mwezi wa kwanza. Mimi, wa miaka kumi na tisa, mwenye macho mazima! Nikakiingiza, nikakigusa kwa kidole mara tatu, nikafunga.

Saa tisa na robo ikawaka, mzunguko mmoja na nusu. Sauti tulivu, ya mtu anayejua anakokwenda. Moshi mweupe ukaisha. Meja, aliyekuwa amerudi bila kueleza alikuwa wapi, akarudisha mkanda wa pampu ya maji tuliokuwa tumeuvua. Tukasimama tunasikiliza bomba. Halafu kule juu maji yakaanza kuanguka ndani ya tangi tupu. Mama mmoja mjamzito alikuwa ameegemea dirisha la wodi. Akapiga makofi, peke yake, taratibu.

Mimi! Mimi ndiye!

Ijumaa, 7 Machi

Nimerudi kukagua. Inawaka kwa mzunguko mmoja. Tangi limejaa mpaka linamwagika, na wahudumu sasa wanagombana nani alisahau kuzima.

Muuguzi mkuu kaleta daftari la matengenezo: tatizo lilikuwa nini, sababu ni nini. Nikaandika: gasketi nene, dizeli ilichelewa. Akasoma. Akauliza gasketi hiyo aliiweka nani. Nikasema iliwekwa. Akanitazama. Kiswahili kina huruma yake — iliwekwa, ilifungwa, ilisahauliwa, na mtu haonekani. Akafunga daftari. Kisha akasema kuanzia sasa injini ikisumbua ataniita mimi moja kwa moja.

Nikafurahi nusu. Nusu nyingine ilikuwa mfukoni.

Jioni nimemwonyesha Mama. Mjomba ni mdogo wake, wamefuatana. Akaipapasa gasketi. Halafu akasema anajua tangu mwaka jana. Mdogo wake akija hapa akijimiminia chai, anatia ncha ya kidole ndani ya kikombe, ajue imefika wapi. Akiulizwa anasema anapima joto.

Kidole kile nimekiona mara ngapi! Nikadhani ni vituko vya utu uzima.

Mama akasema nisimwambie kwamba najua. Nimwache aje mwenyewe. Nikauliza, asipokuja? Akasema basi na mimi niendelee kutokujua.

Jumamosi, 8 Machi

Hakuja.

Wawili wameleta injini zao kwa sababu ya habari za zahanati. Meja anatangaza kila kona. Katika maelezo yake, aliyeshika ubao ni yeye. Mwache.

Jumapili, 9 Machi

Kaja. Baada ya chakula cha mchana. Alipita uani akigusa ukuta kwa mgongo wa mkono, jambo ambalo wiki iliyopita nisingeliona. Akakaa. Akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mlango wangu kama bado unakwama. Halafu:

"Umetoa shimu ngapi?"

"Sijatoa hata moja, Mjomba. Shimu zilikuwa sawa."

Akafikiri. Ndani ya injini mzee huyu hahitaji macho, anatembea humo kama nyumbani kwake. Nikamwona anafika penyewe.

"Gasketi," akasema.

Nikasema ndiyo.

Akaiomba. Nilitaka kusema nimeitupa, lakini uongo mmoja kwa wiki unatosha. Nikampa. Akapitisha kidole gumba ukingoni, polepole, mpaka kwenye lile tundu lililokosewa. Akalipita. Akalirudia. 

 Nikamsimulia kijipini. Injini ilivyokimbia, ubao, yote, hata pale nilipoinua mikono. Akacheka — mara ya kwanza sijui tangu lini — akacheka mpaka akapangusa macho. Akasema kosa hilo hilo yeye alilifanya akiwa na miaka ishirini, akakimbia mpaka sokoni, na injini ikajizimia yenyewe kwa aibu ya kuachwa.

Kisha kicheko kikaisha, akabaki ameinamia ile gasketi.

"Ule mlio wa nozeli nami niliusikia," akasema. "Nilijua pampu nzima. Lakini kama pampu ni nzima, kosa liko kwingine, na aliyepita kwingine ni mimi. Nikaona afadhali ife pampu."

 Nikasema chai itapoa. Akaitia gasketi mfukoni mwake, si mwangu, akanywa chai yake yote, akaondoka. Nimemsindikiza mpaka kwenye kona. Pale penye mtaro nilitaka kumshika mkono. Sikumshika. Aliuruka mwenyewe, kwa kukumbuka.

Jumatatu, 10 Machi

Saa nne asubuhi, karakana, chumba cha nyuma. Mkono una grisi, ukurasa utachafuka, basi.

Nilikuwa nimekaa kuongeza maneno ya jana niliyoyasahau nikasikia sauti mlangoni. Mjomba. Na mwenye mashine ya kusaga, mteja wake tangu mimi sijajua kushika nyundo. Mtu ambaye miaka yote akinikuta kwa Mjomba alikuwa ananiuliza fundi yuko wapi, nami nimeshika spana. Wameleta pampu ndani ya ndoo, imefunikwa kitambaa. Nawaona kwenye ufa wa mlango. Hawanioni.

Mwenye mashine anasema sawa, mpwa wako amesifika, hongera kwake, lakini yeye kazoea mkono wa Mjomba. Kwa nini asiifungue mwenyewe, hapa hapa, dakika tano tu? Tena ni pampu ile ile aliyoifungua mara ngapi.

 Nikajua atasema mgongo unauma, au ana safari. Nikamwombea apate uongo mzuri.

Akasema: "Mikono ipo. Macho ndiyo yameniaga."

Mwenye mashine akacheka kidogo, akidhani ni utani.

"Sikutanii. Ile ya zahanati niliharibu mimi. Aliyeitengeneza yumo humu ndani."

Ndoo imewekwa chini, nimesikia bati likigusa saruji. Mwenye mashine amesema kitu, sikukipata. Mjomba anamwambia asiniite kwanza: ukikuta mlango wa nyuma umefungwa, ujue anaandika, mwache amalize. Hata hilo alikuwa analijua!

Sasa ameanza kumweleza kisa chenyewe, tangu gasketi. Anakieleza vizuri. Amefika kwenye vidole viwili, ameinua vyake kuonyesha. Nikitoka sasa nitamkata maneno. Nisipotoka, huyu bwana atadhani najificha.

Natoka. Hapana — bado anasema.