Inspekta Nguchiro na Karatasi ya Chanjo

Jumapili, 2 Novemba 2025

Niwie radhi, daftari. Tangu Agosti sijakuandika hata mstari. La kuandika nilikuwa nalo — mikono ndiyo sikuwa nayo. Khatib anaota meno. Miezi tisa, na ukimweka chini tu analia kama kapigwa. Ofisini Sanyuanli, hapa Guangzhou, naandika lebo za katoni huku nimembeba mgongoni. Laoban, yaani bosi, ananitazama, hasemi kitu. Siku atakayosema nitakwenda wapi?

Leo angalau kuna jambo. Kitabu kimefika Unguja! Msabaha, mfanyabiashara wa kwetu, alinichomekea ndani ya katoni yake ya midoli, kontena likatoka bandari ya Huangpu katikati ya Septemba. Mama kanitumia picha: mwanangu Dalila kakaa sakafuni, kitabu mapajani, hacheki, anasoma.

Nilikipata mtaa wa Yide Lu, duka la vifaa vya skuli, kwenye sanduku la vilivyochakaa. Kimejaa picha za wanyama wapelelezi. Mkubwa wao ana mkia mnene, kofia na miwani ya kukuzia. Wachina wanamwita nani, sijui, Kichina sijui kusoma. Mimi nimemwita Inspekta Nguchiro. Msaidizi wake Bi Kobe. Nikazitazama picha, nikatunga mwenyewe: nani kaiba kengele ya skuli ya wanyama? Nikaandika Kiswahili kwenye vipande vya stika za ofisini, nikabandika juu ya maneno yao. Kurasa thelathini na mbili, wiki tatu, kila Khatib akipata usingizi.

Dalila ana miaka saba. Alipokuwa hapa yeye ndiye alikuwa ananisomea mimi, kwa Kichina chake cha chekechea. Darasa la kwanza hakupata skuli hapa. Mwaka na miezi mitatu sasa tangu mume wangu Nassor ampeleke kwa mama yangu. Mimi nilikuwa na mimba changa. Hatukumwambia. Na Khatib alipozaliwa hatukumwambia. Nassor alisema akijua ataona tumembadilisha kwa mwengine, bora amwone kwa macho tukienda. Nikakubali. Mtoto nilimwambia nakuja Idi.

Idi mbili zimepita.


Jumatano, 5 Novemba

Nimezungumza naye! Dakika ishirini nzima. Hata salamu hakumaliza.

"Mama, kengele hakuiba Panya."

"Ndiye. Humwoni kaishika?"

"Alikuwa anairudisha! Nimebandua karatasi yako, ukurasa wa ishirini. Chini yake imeandikwa."

Bado anakumbuka yale maandishi! Nilicheka mpaka nikatokwa machozi.

"Sasa mbona umemsingizia Panya?"

Nikamwambia nimekosea, mpelelezi wangu, mimi nimeona picha tu. Akasema picha hazitoshi, lazima ubandue. Atabandua zote.

Bandua, nikamwambia. Bandua zote!

Hapo Khatib akalia. Nassor akamtoa mbio koridoni, kama kawaida yetu. Dalila akauliza, nani huyo? Nikasema mtoto wa jirani. Ulimi wangu haukukwama hata kidogo. Umezoea.


Ijumaa, 7 Novemba

Ya Rabi.

Mama kaleta sauti kwenye simu. "Mwatima, mwanangu, huyu mtoto ananiuliza Khatib Nassor ni nani. Anasema yumo kitabuni. Mmemwandika nini?"

Sikuelewa. Kisha nikakumbuka.

Siku ile ya kufunga mzigo mtu wa Msabaha alikuwa mlangoni ananipigia kelele, dada fanya upesi, gari inaondoka. Stika zimeniishia, umebaki ukurasa wa mwisho. Nikavuta droo, nikachukua karatasi yoyote yenye mgongo mweupe. Nikaikata, nikaandika, nikapaka gamu. Ilikuwa karatasi ya chanjo ya Khatib. Jina kwa herufi zetu, kubwa. Tarehe ya kuzaliwa. Nimeibandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikapitisha kidole isiinuke pembeni.

Nimepiga. Alikuja.

"Khatib Nassor ni nani?"

Nikaanza, sikiliza mwanangu. Akanikata.

"Baba yangu Nassor. Mimi Dalila Nassor. Huyo kazaliwa mwezi wa pili, nimehesabu. Na yule si mtoto wa jirani."

"Ni mdogo wako, mama."

"Analala wapi?"

"Na sisi."

"Kitandani kwangu?"

Chumba chetu ni kimoja. Kitanda chake ndicho. Simu akaiweka chini, hakukata. Nikasikia miguu yake inakwenda, mlango, halafu bibi yake anamwita, Dalila, Dalila. Nilibaki nimeishika simu mpaka ikazimika.


Jumamosi, 8 Novemba

Nassor kasema, wewe na vitabu vyako. Nikamwambia, wewe na siri yako. Tukaishia hapo. Chai imepoa mezani, hakuna aliyekunywa.

Denise, jirani wa chini, kapanda kuazima pasi, kanikuta nalia, nikamsimulia. Yeye wa Lubumbashi, mambo hayazungushi.

"Maman Dalila, weye unalia juu ya karatasi? Mutoto atasahau. Iko mudogo."

Nikamwambia huyu hasahau. Nimemfundisha mwenyewe: tazama kilichobadilika, tazama nani hatazami usoni.

"Eh, basi ulimufunza muzuri. Shida njo hiyo."

Pasi kaiacha. Kamchukua Khatib mpaka jioni. Nililala saa mbili nzima, na nikaamka na uchovu uleule.


Jumanne, 11 Novemba

Hataki simu. Siku ya nne.

Mama anasema anakula, anakwenda skuli, anakwenda chuoni kusoma Kurani, anaoga bila kulazimishwa. Mzima kabisa. Ni mimi tu hanitaki. Mama akauliza amtie bakora mbili ajifunze kuitikia mama yake. Nimekataza. Nimesema kwa ukali, ukimgusa tutagombana mimi na wewe. Asichapwe na asibembelezwe. Hakukosa kitu.

Khatib leo kasimama mwenyewe, kashika kiti. Nikapiga makofi, halafu nikaona aibu kwa makofi yangu.


Alhamisi, 13 Novemba

Naandika haraka. Muzdalifa, mke wa Msabaha, anapanda ndege leo jioni Unguja, kesho yuko hapa. Mama kanipigia: sema upesi unataka nini nitie kwenye begi lake, mwenyewe yuko barazani ananisubiri.

Kisha akashusha sauti. Dalila anaandika kitabu chake. Siku tano hizi, akitoka skuli tu. Mama kachungulia. Nguchiro kapanda ndege, kafika Guangzhou, anagonga mlango. Kila ukurasa mlango umefunguka kidogo zaidi. Ndani hakuchora mtu. Mama akamuuliza, mjukuu wangu, mwizi ni nani basi? Akajibiwa, bibi, ushahidi haujatosha.

Ngoja niandike ukweli hapa, kwa kuwa kwengine sijauandika. Kwenda Unguja sikuzuiwa na kazi ya makontena, kama nilivyokuwa nikisema. Khatib hana karatasi za kusafiria, na ili azipate ubalozini wanataka cheti chetu cha ndoa, na cheti kiko kabatini kwa mama. Miezi tisa. Ningekiomba kingekuja. Sikukiomba. Kingekuja ningelazimika kwenda, na nikienda nitasimama mbele ya mtoto wangu nimembeba mwengine.

Mama anasubiri. Haya.

Cheti cha ndoa, chenyewe, si kopi. Mfuko wa bluu, rafu ya juu, chini ya kanga za arusi.

Cheti cha kuzaliwa cha Nassor, nacho wanakitaka. Kiko kwa dada yake, mama ampigie sasa hivi. Muzdalifa asiondoke bila hicho.

Picha mbili ndogo za Dalila za pasipoti, nimwombee viza arudi nasi. Hizi Nassor hajui bado. Nitamwambia leo.

Kitabu anachoandika, akikubali mwenyewe. Asinyang'anywe. Akikataa aachwe nacho.

Na nyayo zake. Mama amsimamishe juu ya karatasi amzungushie penseli, wa kulia na wa kushoto, vidole vyote vionekane. Amwambie ni mimi nimeomba. Nataka kumnunulia viatu na sijui tena anavaa namba ngapi.