Dada Baiskeli na Pumzi za Mume Wangu

Shangazi mpendwa, naomba msaada kabla wivu haujanitoa roho. Mume wangu ni fundi masofa, na tangu mwaka jana moyo wake hausukumi damu inavyotakiwa, miguu inavimba, akibeba kiti kimoja tu anahema, basi daktari akaagiza apimwe pumzi huku akiendesha baiskeli isiyokwenda popote, kavishwa barakoa yenye bomba, kifua kimejaa nyaya, na nyaya hizo anazibandika dada mmoja mwenye kucha safi ambaye mimi namwita Dada Baiskeli. Asubuhi ya kipimo mume wangu akanyoa ndevu alizozifuga tangu tuoane, akaniuliza shati lipi linampendeza, nikajua hapa sina changu. Nikaambiwa nisubiri nje kwenye benchi, lakini Shangazi, masikio hayakai benchi, nikamsikia anahema, anahema kwelikweli, na yule dada anamhimiza, "Endelea baba, usiniachie hapo, tumekaribia kufika!" Damu ikanipanda, nikaingia bila hodi, nikaivuta ile barakoa nikamwambia, "Vaa shati, twende nyumbani." Dada akapiga kelele, "Mama, unafanya nini? Ndiyo kwanza pumzi imeanza kupanda na kushuka!" Nikamjibu hata mimi nimesikia.

Kipimo kikaharibika, wanataka arudie wiki hii, nami nimeapa harudi mpaka apimwe na mwanamume, naye kaninunia, anasema, "Mama watoto, utaniua kwa wivu wako." Kinachonimaliza ni kwamba hata akijilaza kwenye kochi baada ya chakula anahema harakaharaka, halafu polepole, halafu kimya kabisa mpaka namsogelea, halafu anaanza upya, na mimi najua hizo ni pumzi za mtu anayemuwaza mwenzake. Nimwachie arudi kwa huyo mwanamke?

Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi, nilicheka mpaka nikaona haya, halafu nikafika kwenye habari ya kochi, kicheko kikakatika.

Wivu nauelewa, hata mimi ninao. Kumvua mgonjwa barakoa sikuelewi hata kidogo. "Tumekaribia kufika" ni kufika mwisho wa kipimo, mama, na hata bibi yako angepanda ile baiskeli angeambiwa hivyohivyo. Ndevu zilinyolewa ili barakoa ishike vizuri. Shati mwachie, mgonjwa naye anapenda kupendeza.

Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa moyo. Akaniambia kwamba mgonjwa kama mumeo, pumzi zake zikipanda na kushuka namna ile, mara haraka mara polepole, anapopiga pedali, huenda moyo umechoka kuliko wanavyodhani, na wakiliona hilo hadi mwisho wanajua matibabu yapi wabadilishe. Walikuwa wameanza kuliona, wewe ukaingia na hasira zako.

Na zile pumzi za kwenye kochi, yule maskini hamuwazi mtu. Nenda naye kwa daktari kesho asubuhi, usingoje siku ya kipimo, ukaeleze kama ulivyonieleza mimi, mpaka ule ukimya. Yeye akijilaza pale hajisikii. Anayemsikia ni wewe peke yako. Kipimo kikirudiwa, muombe radhi yule dada kisha ukae kwenye benchi utulie. Anayetaka kukunyang'anya mume yupo kweli, mwanangu, lakini ni huo ugonjwa. Huo ndio uuonee wivu.