Samahani ya Kosa Gani, Baba Bhoke

Mpendwa Baba Bhoke,

Nimeketi mlangoni, miguu imevimba kwa kupalilia mtama, na sina hamu hata ya kuwasha moto. Binti yetu amerudi leo kutoka Issenye kwa miguu. Baiskeli yako imebaki kwa askari. Ungekuwa hai ungeshakuwa njiani, shati halijafungwa vifungo, mimi nakuita nyuma. Sasa sina wa kumwita, nimebaki kukuandikia tu.

Wewe na askari! Nakumbuka jioni ile tulipotoka Natta, Bhoke yuko mgongoni kwangu anachemka homa, mimi nimekaa kwenye keria nimeng'ang'ania siti yako. Tulikuwa tunaiwahi zahanati kabla bwana mganga hajafunga. Tulipofika mbele ya kituo cha polisi filimbi ikalia, bendera ikaanza kushushwa. Barabara nzima ikasimama kama ilivyokuwa desturi, mwenye jembe na mwenye mbuzi, kila mtu pale alipofikia. Ukafunga breki, ukashusha miguu yote miwili chini, ukaishika baiskeli isituangushe. Hukutikisika mpaka bendera ilipokunjwa.

Akaja yule askari kijana, mgeni wa huku, aliyehamishiwa kwetu juzi tu kutoka mbali. "Wewe hukusimama. Umeketi mbele ya bendera ya taifa."

"Nimesimama, ndugu askari. Miguu yangu iko ardhini. Nikishuka, mama na mtoto wanaanguka."

"Unanifundisha kazi?"

Nikakufinya mgongoni. "Baba Bhoke, sema samahani twende. Mtoto anaungua."

Ukageuka ukanitazama, wala hukuwa na hasira. "Samahani ya kosa gani, mama?"

Basi. Baiskeli ikaingizwa ndani, na wewe ukaingizwa nayo. Nikatembea na mtoto mgongoni mpaka zahanati, nikamkuta bwana mganga anatia kufuli. Alifungua tena, Mungu ambariki, akamchoma mtoto sindano. Nikalala pale sakafuni nikiwalaumu wote wawili, askari kwa ujinga wake na wewe kwa mdomo wako. Wewe zaidi, maana askari sikuolewa naye.

Kesho yake mkuu wao alirudi kutoka Mugumu, akawauliza watu waliokuwepo, akakuachia. Alisema mtu aliyepakia mgonjwa akishusha miguu chini amesimama, hakuna zaidi. Ukaja zahanati unasukuma baiskeli, macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini unacheka. Nikakuambia waliosema mwenye nguvu mpishe hawakuwa wajinga. Ukasema, "Nikimpisha mimi, atakayekuja nyuma yangu na mgonjwa apite wapi?" Nikakuuliza, na mtoto angekufa je? Ukampapasa mtoto paji la uso. Lakini neno lako nalo lilikuwa na ukweli, maana baada ya siku ile nilimwona yule yule askari akiwapungia mkono waliopakia watu, wabaki walivyo mpaka bendera ishuke. Ubishi huo tukahama nao tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, tukakaa nao mpaka ugonjwa wa kifua ulipokuchukua.

Sasa sikia ya leo. Bhoke ni mwalimu siku hizi, anafundisha darasa la kwanza, na shuleni anakwenda na baiskeli yako. Watu walicheka kwanza, msichana kurusha mguu juu ya baiskeli ya kiume, kisha wakachoka kucheka. Leo askari mmoja amemsimamisha, akataka risiti. Bhoke akampa ile ya dukani ulikoinunua, yenye jina lako.

"Mwenye jina hili yuko wapi?"

"Amefariki. Mimi ni binti yake."

Askari akasema binti harithi baiskeli, aje mwanamume wa ukoo kuichukua. Bhoke akamjibu taratibu kwamba hakuna sheria ya namna hiyo. Hapo ndipo alipoambiwa aombe samahani kwa ubishi wake, la sivyo asubiri huyo mwanamume.

Mdogo wako Makuru amekwisha kusikia, na yuko tayari kwenda. Unamjua mdogo wako, kitu kikiingia nyumbani kwake hakitoki. Na bila baiskeli Bhoke hataiwahi kengele ya asubuhi, atapoteza kazi.

Aliniuliza huku anaosha vumbi miguuni, "Mama, nifanyeje?" Jibu hilo ninalo tangu yeye akiwa mgongoni kwangu. Nikampa. "Sema samahani, mwanangu, uchukue baiskeli yako uende kazini. Ni neno tu."

Akamaliza kuosha mguu wa pili. Kisha akasema, "Mama, nikiomba samahani pale, nitakuwa naomba samahani kwa kuwa mtoto wa tata, wa baba yangu."

Nimelia, Baba Bhoke, na si kwa uchungu tu, ni uchovu. Nilidhani umeondoka na ubishi wako, kumbe uliuacha humu humu ndani, unakula ugali wangu na kunitazama kwa macho yako. Nimechoka kuogopa kwa ajili ya watu wasioogopa. Mume nilimlilia, sasa ni zamu ya mtoto.

Asubuhi tutakwenda wote wawili. Makuru nimemwambia akae na ng'ombe wake. Nitamwambia yule askari kwamba mwenye jina hili nilimzika mimi, na kwamba baiskeli ni ya huyu hapa. Akiniuliza kama namfundisha kazi, sijui nitajibu nini, sina moyo wako. Huenda tukarudi mikono mitupu. Lakini samahani sitasema, maana nimetafuta kosa usiku huu sijaliona.

Magoti yananiuma na njia ni ndefu, na safari hii hakuna keria. Lala salama huko uliko.

Ni mimi, Mama Bhoke,
niliyekuwa nakaa nyuma yako.