Mfuniko wa Saa ya Mzee

Jumatatu, 3 Machi
Chai, dawa ya presha, kisha sinia dirishani. Saa tatu jua linafika pale, naona vizuri. Leo nimefungua vipande vyote vya saa ya pili niliyonunua sokoni Gikomba ya kujifunzia, nikairudisha yote. Skrubu moja ilirukia chini, nikaipata kwa kufagia. Inatembea. Saa ya kutia ufunguo hii, si takataka ya betri. Mama Otieno wa mlango wa pili amechungulia: “Mama Ayub, na hayo macho?” Nimemwambia nimechambua mchele miaka hamsini na hakuna mtu amewahi kutafuna jiwe nyumba hii. Wali wake yeye tunaujua.

Jumatano, 5 Machi
Mzee wangu ameenda kwao Vihiga, matanga ya binamu yake. Anarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Saa yake ameiacha kabatini, anaogopa wezi wa stendi. Alipewa na watu wa reli, akiwa kijana bado. Kila mgeni lazima ahubiriwe: haijawahi kuguswa na fundi, ni mkono wake tu. Mkono wa kutia ufunguo, basi.
Njoroge, fundi anayenifundisha kibandani kwake karibu na soko la Makadara, husema saa ikikosa mafuta inajila yenyewe. Miaka yote hiyo bila tone? Nitaitia mimi. Mzee atashangaa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimetia mafuta ya cherehani kila tundu, kama ninavyotia mashine yangu. Imetembea kidogo, ikasimama. Nimeitikisa. Imesimama.
Ilikuwa nzima. Mimi ndiye nimeiharibu. Sijala.

Ijumaa, 7 Machi
Kwa Njoroge. Sikutaka kwenda. Nimeshonea nusu ya mtaa huu sare za shule, sijazoea kusimama mbele ya mtu na kitu kilichoharibika. Ameweka lenzi jichoni, akacheka mpaka akakohoa. “Shosho, hii saa umeikaanga.” Huniita shosho kama bibi yake. Kumbe saa haimwagiwi. Inapakwa, tone la ncha ya sindano, na mafuta yake ni mengine. Na kile kigurudumu kinachochezacheza, anachokiita moyo, uzi wake mwembamba wa chuma hauguswi na mafuta kabisa. Angeniambia mapema, lakini mdomo wake ni wa kucheka tu.
Alitaka kuiosha yeye. Nimekataa. Nimechafua mimi, nitaosha mimi. Nimerudi na petroli kwenye chupa ya dawa na mafuta ya saa kwenye kifuniko cha soda.

Jumatatu, 10 Machi
Jana kanisani sikusikia neno. Leo nimetoa vyote, nikavipanga kwenye sinia jinsi vilivyotoka, kama vipande vya koti. Petroli imenuka hadi kwa Mama Otieno, akaja kuuliza kama nyumba inaungua. Nimemwambia arudi kwake.
Kibano kimeniponyoka mara tatu. Haijawahi kutokea. Nimefunika sinia kwa kitambaa, nikalala mchana kama mgonjwa. Siku tano zimebaki.

Jumatano, 12 Machi
Nilikuwa napangusa mfuniko wa nyuma, upande wa ndani. Kuna mikwaruzo. Nikasema, haya, na hii pia ni mimi. Nikaweka lenzi yangu jichoni. Si mikwaruzo. Ni maandishi, madogo kama mayai ya chawa. Herufi mbili na mwaka. Chini yake herufi nyingine na mwaka mwingine. Tena chini.
Njoroge alinieleza siku ya kwanza kabisa: fundi akifungua saa huandika ndani kwa sindano, ili mwenzake wa baadaye ajue.
Mafundi watatu. Na wa mwisho alifungua mzee akiwa ameshastaafu.
Nimecheka peke yangu mpaka machozi. Mwongo mkubwa. Mahubiri miaka yote hiyo, na wageni wakitikisa vichwa.
Nimechukua kibano tena. Nimefanya kazi mpaka jua likaondoka dirishani.

Ijumaa, 14 Machi
Nimemaliza. Matone manne, madogo, kwa ncha ya sindano. Moyo ukaanza kucheza kabla sijakaza skrubu ya mwisho. Nimeilinganisha na redio mara mbili, mchana na jioni. Sawasawa.
Kabla ya kufunga mfuniko nikachukua sindano tena. Mstari wa nne. R ya Rasoa, jina langu, na mwaka. Herufi imepinda kidogo. Wao hawakuandika vizuri kunishinda.

Jumamosi, 15 Machi
Mzee amefika saa kumi, na ndizi na kuku mmoja. Ameuliza saa kabla ya chai. Ameitia ufunguo, ameiweka sikioni, kisha ameivaa mkononi.
“Mama Ayub, inalia kama mpya.”
“Ndiyo.”
Mama Otieno alikuwa amekuja kumpa pole ya msiba. Mzee akamnyooshea mkono aone saa. Haijawahi kuguswa na fundi, akamwambia, tangu siku ile. Mama Otieno akanitazama mimi, akatazama sinia dirishani.
Nimewaongezea chai.