Korti Iliyonihukumu Nikinyonyesha Nje

Maitu, mama yangu,

Tumeshinda! Naanzia mwisho kwa sababu nakujua. Mtu akirudi safari, hata kiti hujampa, ushamuuliza, "Wamesemaje?" Basi wamesema watoto ni wangu. Wamesema leo, Thika, mbele ya watu wote. Nimerudi Ruiru juu ya lori la mkonge, mgongo unaniuma kwa kumbeba mtoto, na nguo hazijafuliwa tangu juzi. Zitangoja. Hata ukiwa huko kaburini uliko, wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa.

Unakumbuka ile siku ya shamba la nduma? Binamu ya baba alikuwa amelichukua, nawe ukaenda kwa wazee wa korti. Ulirudi mchana, ukakunja leso yako, ukaketi ukaanza kumenya viazi. Nikakuuliza, "Maitu, kesi imekwendaje?"

"Korti imesema."

"Imesema nini?"

"Imesema. Kalete maji."

Tangu siku hiyo nilijua korti ikisema ni kama mvua, inakunyeshea tu. Hukuniambia kuna mahali pengine pa kwenda kwa sababu wewe mwenyewe hakuna aliyekuambia. Sasa najua palikuwapo. Wewe sikulaumu hata kidogo. Uchungu wangu ni kwa wale waliokutazama ukiondoka wakanyamaza.

Baada ya Baba Wangui kuangukiwa na jiwe kule machimboni, ndugu yake alikuja kwangu. Mtoto mdogo, huyu mwenye jina lako, alikuwa hajaanza hata kukaa. Shemeji akasema, "Nyina wa Wangui, mila ni mila. Uje kwangu uwe mke wangu, au watoto waje bila wewe." Nikamwambia namheshimu, ni shemeji yangu, lakini mume wangu nilimzika na sitafuti mwingine. Akanipeleka korti ya wazee hapa Ruiru.

Siku ya kesi nilikuwa nimejipanga maneno yote kichwani. Shemeji alisimama kwanza, akaongea, akaongea, naye mwenye jina lako akaanza kulia. Maitu, sauti yako ameichukua yote, hakubakisha. Mzee aliyekuwa mkubwa wa korti akaziba sikio. "Mama, hebu mtoe huyo nje, hatusikilizani."

Nikatoka. Nikaketi ukutani, nikamnyonyesha huku narudia maneno yangu polepole nisiyasahau. Hakuwa na haraka. Alipomaliza titi moja akataka la pili. Niliporudi ndani watu walikuwa wanainuka.

"Kesi imekwisha, mama. Watoto wanakwenda kwa ukoo wa baba yao."

"Imekwisha vipi na mimi sijasema?"

"Shemeji yako ameeleza vizuri."

Ameeleza vizuri! Nilitoka pale nalia. Aliyenishika ni Mama Nekesa, jirani yangu wa hapa kambini, yule wa kutoka magharibi ninayechuma naye kahawa. Alinifokea. "Unalia nini? Kata rufani!"

"Rufani ni nini?"

"Ni kwenda kwa wakubwa wao, uwaambie hawa wamekosea. Lakini twende sasa hivi, siku zao ni chache, zikipita mlango unafungwa."

Karani wa korti akaandika kwamba sikubali, na kwamba watoto wakae walipo mpaka rufani isikilizwe. Ndipo nikapata pumzi.

Sasa cheka kidogo. Siku ya kwenda Thika nilibeba mashahidi kama watu wanaopeleka mahari, ruracio kamili! Karibu nusu ya wachumaji wa kahawa, wote wanipendao. Nyapara alitupa pasi za kutembea akinung'unika. Tukaingia kortini, tukajaza mabenchi, na mkubwa wa wazee wa rufani akatutazama juu ya miwani.

"Hawa wote ni wa nini?"

"Ni mashahidi wangu, mzee."

"Mama, sisi hatukuja kusikiliza kesi upya. Tumekuja kuangalia kama wenzetu waliisikiliza."

Nyuma yangu mmoja akanong'ona, "Na kahawa tumeiacha mtini!" Yule mzee akafungua karatasi zilizotoka Ruiru, akasoma, akageuza, akarudi nyuma tena. "Maneno ya shemeji nayaona. Ya huyu mama yako wapi?"

Shemeji, kwa kutaka kusaidia, akainuka. "Hakusema kitu, mzee. Alikuwa nje ananyonyesha."

"Na nani alimtoa nje?"

"Korti."

Mama Nekesa akapaza sauti, "Asante, shemeji!" Korti nzima ikacheka, naye nusura atolewe.

Wazee wakanong'onezana, kisha mkubwa wao akasema neno ambalo nitalikumbuka mpaka nikufuate: mtu aliyetolewa nje na korti yenyewe hawezi kuhukumiwa kama mtu aliyenyamaza. Kesi irudi Ruiru, isikilizwe na wazee wengine. Na kuanzia leo, katika korti zote zilizo chini yao, mama akitoka kunyonyesha, angojwe.

Nikamwuliza Mama Nekesa, "Kwa hivyo sijashinda?"

"Umepewa zamu ya kusema. Sasa enda ukashinde."

Siku iliyopangwa nilifika Ruiru mapema. Kulikuwa na kesi nyingine mbele yetu, mama mmoja Mkamba na mtoto mgongoni. Mtoto akalia. Mkubwa wa korti akafungua mdomo, karani akainama akamwambia kitu sikioni. Yule mzee akafunga mdomo. Kisha akasema, "Toka tu, mama, umnyonyeshe. Tutangoja."

Wakangoja! Wanaume watu wazima, Maitu, katika joto lile, mmoja anavuta ugoro, mwingine anapiga miayo, wanamngoja mtoto ashibe. Mama yule hakunijua na mimi sikumwambia kitu. Nilikaa pale mwili ukinisisimka. Nilidhani sheria zote zimeandikwa na Wazungu mahali mbali, zikaletwa kwetu zimekwisha kupikwa. Kumbe nyingine huzaliwa hivi, kwa mtu mmoja kukataa kwenda nyumbani.

Zamu yangu ilipofika nilisema yote. Nilisema mume wangu alilipa ruracio ili aishi nami, hakuwa ananinunua ili ndugu yake anirithi kama jembe. Nilisema siwafichi watoto. Wataitwa kwa jina la baba yao, watakwenda kusalimia ukoo wao, na wakifika huko wataheshimu wakubwa. Lakini watalala kwangu. Wazee wakakubali.

Shemeji akaruka. "Nakata rufani!"

Nilikasirika sana. Nilitaka mlango ule nilioingilia mimi yeye afungiwe. Nikazunguka na hasira hiyo siku kadhaa, ndoo kichwani, mtoto mgongoni, mpaka ikanichosha. Akifungiwa yeye, mwingine kama wewe atafungiwa pia, Maitu. Nikasema aende, na mimi nitakuwepo.

Ndiyo leo. Safari hii sikubeba mashahidi. Mzee yule yule akafungua karatasi, akasoma kwa sauti, na yalikuwa maneno yangu. Yote, hata lile la jembe. Kusikia mtu mkubwa anatamka mambo niliyoyapanga peke yangu ukutani! Akamgeukia shemeji. "Na wewe ulisikilizwa?"

"Nilisikilizwa, mzee. Lakini sikupendezwa."

"Basi kutopendezwa hakuna rufani."

Hukumu ya Ruiru ikabaki ilivyo. Shemeji akaulizwa kama atakwenda juu zaidi, akasema hapana. Nje alinijia akanyoosha mikono, nikampa mtoto, akambeba mpaka lori likaja. Simchukii. Ni baba yao mdogo.

Shamba lako la nduma siwezi kukurudishia, siku zake zilipita zamani. Natamani tu ungekuwa umekaa benchi la mbele leo.

Nilipofika nyumbani Wangui alikuwa mlangoni. Sikuwa nimekuambia: tangu kesi ianze, mtoto huyu amekuwa akilala na nguo zake zimefungwa furushi, chini ya kichwa, ili akija kuchukuliwa asiache kitu. Nilimkataza, akawa anafanya kwa siri. Leo nimemwambia, "Wamesema mnakaa." Hakuniuliza ni nani waliosema. Ameingia ndani, nami namwona kutoka hapa nilipoketi, anafungua lile fundo kwa meno, anatoa gauni moja moja na kulitundika msumarini, karibu na langu.

Lala vizuri, Maitu.

Ni mimi binti yako, mama wa Wangui na wa mwenye jina lako.