Jina la Mama Freyda

Montreal, Jumapili

Mdogo wangu Pesha,

Sisi wazima, ila nimechoshwa. Mwanangu Dvora, yule daktari wa meno anayesifiwa mtaa mzima, amejifungua binti. Hospitali nzima haikuwa na mtoto mzuri kama yeye, na sisemi hivyo kwa sababu ni mjukuu wangu.

Sasa sikia vituko. Mumewe ni Myahudi wa Moroko, na kwao mtoto hupewa jina la bibi aliye hai, eti ndiyo heshima. Kwetu sisi huko ni kumwitia bibi malaika wa mauti! Mama yetu Freyda ana mwaka mzima kaburini na hana somo, halafu mtoto aitwe Mesodi, kama mama mkwe wa Dvora?

Nikamfuata Mesodi jikoni kwake. "Mkwe mwenzangu, wewe bado unapumua. Haraka ya nini?"

"Kaa ule kwanza. Utagombanaje na tumbo tupu?"

"Sili!" Nikala sahani mbili za samaki wake wa pilipili.

Ndipo akauliza, "Huyo Freyda alikuwaje?"

Pesha, tangu tumzike hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikasimulia alivyomrudishia muuza kuku kuku aliyekwisha kupikwa, alivyotuchapa kwa kitambaa cha vyombo huku anaimba. Nikalia kama mtoto.

Mesodi akafuta mikono. "Mimi nipo, wataniita. Yeye nani atamwita? Aitwe Freyda."

Jina litatangazwa sinagogi Sabato ijayo, usikose. Lakini mwanamke yule! Nilijiandaa kwa ugomvi wa mwezi mzima. Hasira zote hizi nizipeleke wapi?

Dada yako,
Raizel